Rudi Jumatatu

Miaka kumi na tisa, mkwe, sijawahi kukupa mkono.
Ndivyo tulivyolelewa:
ukija kwa njia hii mimi napinda ile,
ukiingia sebuleni natokea jikoni,
na salamu zako zinanifikia kupitia kwa Jentrix
kama kifurushi kilichokwisha kupimwa, kikapigwa muhuri.
Heshima ilikuwa ukuta, na ukuta ulitutunza.

Sasa umenishika kiwiko hapa Lurambi,
saa kumi na moja alfajiri, mvua ikipiga mabati,
unaniuliza kwa sauti ya dirishani:
"Sanduku namba ngapi?"

Nikanyamaza. Ukauliza tena.
Jentrix yuko zamu ya usiku hospitalini.
Hakuna shangazi, hakuna binti wa kutumwa.
Kuna mimi na wewe na gauni lako lililolowa,
na harufu ambayo sote wawili tulijifanya hatuisikii.

"Mia nne kumi na saba," nikasema.
Ukageukia ukuta, ukapapasa vishubaka visivyokuwepo,
vidole vikienda vyenyewe: juu, kushoto, chini.
"Hakuna barua leo. Rudi Jumatatu."

Ulipanga barua za Kakamega miaka thelathini na mmoja.
Kwa uzito tu ulijua ipi ina karo
na ipi imebeba ugomvi.
Leo hujui kijiko.
Unakigeuza, unautazama uso wako uliopinduka mle ndani,
unakirudisha mezani
kama barua isiyo na anwani.

Majirani wana majibu yao.
Mama Khasiala kasema ni mkono wa mtu.
Mzee wa kanisa kasema ni uzee, uzee hauna dawa,
akala chapati tatu, akaenda zake.
Daktari kule rufaa alichora ubongo nyuma ya kadi ya kliniki:
"Hapa panasinyaa. Si laana, si wazimu.
Ni ugonjwa, na utaendelea.
Msishindane naye. Mkimsahihisha
atasahau mlichosema, aibu itabaki."

Nilikuwa nimeshakusahihisha.
Uliuliza Zablon yuko wapi, nikakujibu kama karani:
alifariki, mama, mwaka wa elfu mbili na nane.
Ukalia kilio cha mjane wa siku ya kwanza.
Kesho yake ukauliza tena.
"Ameenda sokoni Luanda."
"Ataleta ndizi zilizopondeka," ukasema. "Hajui kuchagua."
Tukacheka.
Uongo wangu wa kwanza kwako, mkwe,
na mazungumzo yetu ya kwanza.

Kuhusu kuoga, niliwapigia wazee wa kwetu.
Mmoja alikohoa, simu ikakatika.
Basi nilikuogesha nimefumba macho,
sabuni ikakuingia machoni, ukapiga kelele
hadi mbwa wa jirani akaitikia.
Tangu siku hiyo nafumbua.
Naanza na miguu, nakuambia kila ninachofanya,
taulo halikutoki mabegani.
Kama kuna faini ya mbuzi, watakuja kuidai.

Kuna siku nachoka. Nisikufiche.
Kuna siku nakaa chooni nimefunga komeo,
nahesabu vigae, wewe unabisha nje unataka kwenda nyumbani,
na nyumbani kwenyewe palishauzwa.

Saa hiyo ya jioni ndiyo mbaya, jua likiteremka.
Kwa hiyo nimenunua bahasha mia, nikaziandika namba.
Nazimwaga mezani. Mabega yako yanashuka.
Unapanga, unanung'unika juu ya watu wasiolipia stempu,
na mimi napika ugali bila kuitazama saa.

Jana ulichomoa moja kutoka kwenye fungu.
"Mia nne kumi na saba. Umekuja siku nyingi wewe.
Hii ilichelewa. Weka sahihi."
Kalamu haikuwepo.
Ukanyoosha kiganja.

Nikaandika jina langu humo kwa kidole, polepole,
herufi zote.
Ukakikunja, ukaniambia nisogee,
kuna wengine kwenye foleni.